Saa 24 za kwenye bango

Bango la kituo hiki cha matibabu limeandikwa "Saa 24, bila miadi". Hilo bango ndilo lililonipeleka pale, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ilikuwa usiku, wiki kadhaa zilizopita, mvua ndiyo imekatika Mbagala. Mwanangu wa mwaka na nusu anachemka. Nikamfunga kanga, nikapanda bajaji. Mapokezi nikamkuta dada mmoja tu, foleni hakuna. "Dada, mtoto ana homa kali, kila akinywa anatapika." Hata uso hakuinua. "Kadi ya bima." Nikampa. "Mtandao unasumbua, kaa pale." Nikasema basi nilipe taslimu. "Mama, kadi nimeshaiingiza. Subiri."

Nimekaa. Nashika nyayo za mwanangu, za baridi kama katoka kwenye maji, kichwani kunaunguza. Dada wa mapokezi anachovya chipsi kwenye tomato. Na nyuma ya kichwa chake kuna karatasi ukutani, dalili za hatari kwa mtoto: degedege, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, kulegea. Jamani! Anakaa chini ya ile karatasi kila siku!

Aliyetuokoa ni sista aliyekuwa anapita na beseni. Aligusa mguu wa mtoto, akampokea palepale, kadi hakuuliza. Kipimo cha haraka cha malaria, kama robo saa, mistari miwili: malaria ipo. Akachomwa sindano ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali, na tukaandikiwa rufaa usiku uleule. Tunatoka, dada ananiita: "Mama, mtandao umerudi, njoo uweke kidole." Sikumjibu.

Asubuhi sina neno nao. Niliwahi kwenda saa mbili kasoro na jipu, nikahudumiwa vizuri, watu wa maabara wote wapo. Kikohozi, mafua, kidonda cha kusafisha, nenda asubuhi. Ila usiku, mtoto ana degedege au anahema kwa shida, wapite tu, nenda hospitali kubwa.

Nikisema hivyo namwonea sista, maana sindano ile mwanangu aliipata pale, na hospitali ilikuwa mbali bado. Lakini siku sista hayupo zamu? Hapana, siwezi kumwambia mzazi mwenzangu abahatishe. Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili yake. Na ukilazimika kwenda usiku, usitoe kadi kwanza. Ita sista, mshikishe mguu wa mtoto.