Taa ya kambini kwa safari za Kanda ya Kati: ipi ya kununua kwanza

Dodoma jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 jioni mwaka mzima, na chini ya nusu saa baadaye ni giza totoro. Anayelala Kolo ili asubuhi apande kuangalia michoro ya miambani ya Kondoa, au anayepiga hema kando ya Bwawa la Mtera, ana karibu saa 12 za usiku mbele yake. Kati ya hizo, saa 4 hivi anahitaji mwanga wa kupikia, kulia na kupangia vitu. Zilizobaki anahitaji mwanga mdogo tu, wa kumwezesha kuona mlango wa hema ulipo.

Wauzaji wengi watakuelekeza kwenye taa inayowaka sana pale dukani. Mwanga wa dakika moja dukani haukuambii lolote. Taa nyingi zinazoharibu safari zilikuwa zinawaka vizuri siku ya kununuliwa. Zilizimika saa 3 usiku wa pili kwa sababu betri ilikuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa, au paneli ya sola haikuweza kurudisha kilichotumika. Kwa hiyo anza na betri, kisha paneli. Mwanga uwe wa tatu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Taa nzuri ya LED hutoa karibu lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila wati 1. Meza ya watu 4 hadi 6 inatosheka na lumeni 150, yaani wati 1.5. Saa 4 kwa wati 1.5 ni wati-saa 6. Saa 8 za mwanga mdogo wa lumeni 20 ni wati-saa 1.6. Usiku mmoja, basi, unakula wati-saa 8 hivi, na siku mbili ni 16. Ongeza kidogo kwa nguvu inayopotea ndani ya taa, unafika 18 au 19. Ili kujua betri ina wati-saa ngapi, zidisha mAh (kipimo cha uwezo kilichoandikwa kwenye betri) kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya lithiamu ya mAh 5,000 na volti 3.7 ina wati-saa 18.5. Hiyo ndiyo saizi ya kulala porini siku mbili bila kuchaji.

Hesabu hiyohiyo inafichua uongo wa maboksi. Taa ikiandikwa "100W" na ndani ina betri moja ya mAh 3,000, betri hiyo ina wati-saa 11 tu. Kama kweli ingetumia wati 100 ingezimika kabla ya dakika 7. Halafu kuna zile betri za mviringo zinazoitwa 18650, urefu wa milimita 65 na upana wa 18. Bora kabisa miongoni mwake haivuki sana mAh 3,500. Ukiona moja imeandikwa 6,000 au 9,900, iache hapohapo kaunta, maana aliyedanganya kwenye betri amedanganya na kwenye mengine.

1. Taa ya LED ya kuchaji, yenye paneli ya pembeni

Hii ndiyo ya kununua kwanza kwa mtu anayetoka zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Iwe na betri ya lithiamu, tundu la chaji la Taipu C, na paneli inayounganishwa kwa waya wa mita 2 au zaidi.

Neno "pembeni" lina uzito huku kwetu. Taa yenye paneli iliyobandikwa juu ya kichwa chake inalazimu taa nzima ikae juani ili ichaji, na betri iko chini ya paneli hiyohiyo. Betri ya kawaida ya lithiamu huumia ikichajiwa ikiwa imevuka nyuzi joto 45, na plastiki nyeusi kwenye jua la Oktoba au Novemba inafika huko bila shida. Matokeo yake si mlipuko, kwa kawaida. Ni betri inayopungua uwezo kidogo kidogo, na msimu unaofuata taa ya saa 10 imekuwa ya saa 5. Paneli ikiwa na waya, inakaa juani peke yake na taa inapumzika kivulini. Kwa sababu hiyohiyo usichajie taa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo.

Ukubwa wa paneli: eneo la sentimita 10 kwa 10 haliwezi kutoa zaidi ya wati 2 hivi hata jua likiwa utosini. Zile za saizi ya kiberiti hazifiki nusu wati, na siku nzima zitakurudishia mwanga wa saa moja tu wa kupikia. Paneli ya wati 2 ikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 10 kwenye karatasi na 7 hivi kwenye betri, karibu usiku mmoja. Chukua wati 3 kwenda juu. Iwe ya kioo. Zile zilizofunikwa gundi ngumu hugeuka njano kwa jua na kupoteza nguvu.

Jinsi ya kuilaza paneli: Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, kwa hiyo inua paneli nyuzi 30 hivi ikitazama kaskazini. Desemba jua limehamia kusini. Ilaze karibu flati, ikiinamia kusini kidogo. Na jihadhari na mbuyu. Wakati wa kiangazi hauna majani, unaonekana kama hauna kivuli, lakini tawi moja likipitisha mstari wa kivuli juu ya paneli linaweza kuangusha chaji karibu yote, kwa kuwa seli zake zimeunganishwa kama mnyororo: moja ikizibwa, zote zinabanwa.

Ukipata taa iliyoandikwa LiFePO4 na volti 3.2, ipe kipaumbele. Aina hiyo huvumilia joto vizuri zaidi na huweza kuchajiwa mara 2,000 au zaidi, wakati lithiamu ya kawaida huanza kuchoka kati ya mara 300 na 500. Taa nyingi za sola za nyumbani za majina kama Sun King na d.light zimepimwa chini ya mpango wa VeraSol, ambao matokeo yake yako wazi kwa umma na unadai dhamana ya angalau mwaka 1 kwa taa ndogo. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kambi, lakini kwa hema la familia zinafaa kuliko "taa za kambi" nyingi zenye sura ya kijeshi na betri ya kubahatisha.

Vumbi ni jambo la kuangaliwa kwa uzito uleule. Barabara za vumbi za Bahi, Chemba na Manyoni huingiza unga mwekundu kila mahali. Tafuta alama ya IP54 au IP65. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi: 5 ina maana vumbi linaweza kupenya kidogo bila kuharibu kazi, 6 haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 4 ni matone ya pande zote, 5 ni maji ya mrija. IPX4 inasema habari za maji tu. Kuhusu vumbi haijaahidi kitu. Kisha kagua kifuniko cha mpira cha tundu la chaji. Kama kinaning'inia kwa uzi mwembamba wa mpira, kitakatika, na vumbi likijaa tunduni waya hautashika.

2. Taa ya kichwani

Tunaiweka ya pili ingawa haining'inizwi katikati ya meza, kwa sababu kazi zake taa ya mezani haiziwezi: kwenda chooni usiku, kufunga kamba za hema upepo wa Julai unapovuma, kubadilisha tairi. Kifutu hulala kimya njiani na hakimbii mtu anapokaribia. Unahitaji mwanga unaofuata macho yako. Nge naye hujificha kwenye kiatu kilichoachwa nje, na ni rahisi kukung'uta na kukagua ukiwa na mikono miwili huru. Lumeni 150 hadi 200 zinatosha. Iwe na mwanga mwekundu, usiowapofusha wenzako na usioita wadudu wengi. Kila mtu awe na yake, hata watoto.

3. Taa ya LED ya betri kavu

Kwa anayetoka mara moja kwa mwaka, hii inaweza kupanda hadi namba moja. Haihitaji kukumbukwa miezi 11. Betri kubwa za alkali, tatu kwa pamoja, zina zaidi ya wati-saa 40, siku nne au tano za hesabu yetu. Lakini soma maandishi: betri za bei ya chini zinazojaa madukani ni za kaboni na zinki, zina sehemu tu ya uwezo huo, na zikiisha huvuja. Usichanganye mpya na iliyotumika; ile dhaifu husukumwa kupita kikomo chake na ndiyo inayotapika. Ukifika nyumbani zitoe, usingoje kesho.

4. Chemli

Chemli ina heshima yake. Haihitaji chaji, fundi yeyote anaijua, na upepo hauizimi kirahisi. Mwanga wake, hata hivyo, uko chini ya lumeni 100, na hunywa mililita 15 hadi 30 za mafuta ya taa kwa saa kutegemea upana wa utambi. Kata utambi sawasawa na ondoa pembe mbili kidogo. Utambi uliopindika hutoa moshi na kupaka kioo masizi. Tone la maji baridi kwenye kioo cha moto hukipasua. Mafuta yanunue mahali unapopaamini, kwani yaliyochanganywa na petroli hulipuka.

Isiingie ndani ya hema. Kamwe. Kitambaa cha hema huyeyuka na kushika moto kwa sekunde, na hema lililofungwa hukusanya gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Karabai na taa ya gesi ziko chini ya sheria hiyohiyo.

5. Taa ya kupuliza hewa

Nyepesi, inakunjika, inaelea majini. Kisha unafika kwenye migunga na miiba yake. Tundu dogo tu na taa imelala kama puto bovu. Kwa kingo za mchanga za Mtera sawa. Kwa vichaka vya Swagaswaga hapana.

6. Karabai na taa za gesi

Karabai inamulika uwanja mzima, lakini ina kelele, inataka spiriti ya kuipasha moto na pampu, na soksi yake, kile kitambaa kinachotoa mwanga, ikishaungua mara ya kwanza inabaki majivu yanayovunjika gari likiruka shimo moja. Taa ya gesi inaangushwa na mitungi yake midogo: ukiishiwa mbali na mji, umeishiwa.

7. Taa za kuchaji za betri ya risasi

Zile nzito zilizoandikwa 4V au 6V, za kuchomeka ukutani. Kwa kukatika umeme nyumbani zinasaidia. Kwa safari hapana, kwa sababu betri ya risasi ikiachwa tupu wiki chache sahani zake hufunikwa na chumvi ngumu na haishiki chaji tena. Na taa ya safari ndiyo hasa huachwa tupu.

Rangi ya mwanga

Chagua mwanga wa manjano, kati ya 2,700K na 3,000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Mweupe wa bluu wa 6,500K huvuta wadudu zaidi, na mvua za kwanza za Novemba au Desemba zikinyesha, kumbikumbi watajaa kwenye sufuria kabla ugali haujaiva. (Anayetaka kuwakusanya, basi, huo mweupe ndio wake, juu ya beseni la maji.) Ning'iniza taa mita 2 juu ya meza. Ukiipandisha iwe mbali mara mbili, mwanga unaofika mezani unabaki robo.

Majaribio ya dukani

Uwe Majengo, Soko la Job Ndugai au kwingine, omba dakika 10 kabla ya kulipa. Washa mwanga wa juu kabisa muda wote huo. Ukififia waziwazi, betri au saketi ni dhaifu. Tikisa taa karibu na sikio: kinachogonga ndani kitakatika barabarani. Toka nje na paneli, kitaa cha chaji kiwake, kisha ifunike kwa kiganja. Kisipozimika, kitaa ni pambo. Chomeka waya wa chaji na uuchezeshe kidogo, chaji isikatike. Beba taa kwa mpini wake na uivute kidogo. Mwisho andikiwa risiti yenye tarehe na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo haibadilishi taa.

Usiku wa kwanza uwe nyumbani. Chaji hadi ijae, washa kwa kiwango utakachotumia, na andika saa ilipozimika. Ikitoa chini ya nusu ya kilichoandikwa, irudishe ukiwa bado mjini.

Kuihifadhi kati ya safari

Lithiamu ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali pa baridi, si juu ya kabati chini ya bati. Iguse kila baada ya miezi 3, uiongeze irudi nusu. Vumbi la tunduni litoe kwa brashi kavu ya meno. Ukipuliza kwa mdomo unapeleka unyevu ndani, na unyevu na vumbi la chumvi la Bahi vikikutana huanza kutu kwenye pini za chaji.