Where the Red Fern Grows: kitabu cha mbwa wawili wa kuwinda ambacho watoto wangu hawakichoki

Kitabu hiki nilimsomea kwanza binti yangu, kwa sauti. Mdogo wake alipofika umri wa kukielewa nikamsomea na yeye, na dada mtu akawa anakuja kukaa nasi kila jioni ingawa alishajua yote yatakayotokea. Naandika kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu anayejiuliza kama hadithi ya mvulana na mbwa wake wa kuwinda, iliyotoka mwaka 1961, bado ina la kumwambia mtoto wa leo. Jibu langu ni kwamba inalo, tena kubwa, ila si lile linalotajwa na wengi.

Wengi watakwambia hiki ni kitabu cha kuliza. Kweli kinaliza. Lakini kilio kiko kwenye kurasa chache za mwisho, na hakuna mtoto anayekirudia kitabu kizima kwa ajili ya kurasa chache. Kinachomrudisha ni kazi. Hawa mbwa wana kazi, wanaijua, wanaipenda, na mwandishi anaijua vizuri kiasi kwamba kila hatua yake inasomeka kama jambo lililotokea kweli. Katika hadithi nyingi za wanyama mbwa ni wa kukumbatiwa tu. Hapa ni mwenzio kazini, na mtoto anamheshimu kabla hajampenda.

Billy Colman anaishi na wazazi wake na dada zake katika milima ya Ozark, jimbo la Oklahoma, kwenye ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Ana umri wa miaka kumi, na anatamani mbwa wawili wa kufuata harufu hadi anakosa usingizi. Nyumbani hakuna pesa. Anapata tangazo la mbwa kwenye jarida lililoachwa na wavuvi, kisha anaanza kuweka akiba ndani ya kopo kuukuu la hamira: anawauzia wavuvi chambo na mboga, anachuma matunda ya porini, anauza ngozi za wanyama wadogo. Inamchukua miaka miwili kufikisha dola 50. Anampelekea babu yake, mwenye duka, na babu ndiye anayeagiza. Mbwa wanapofika kwa treni, Billy hasubiri mtu wa kumpeleka. Anatoka usiku bila kuaga na kwenda kwa miguu, peku, hadi mji wa Tahlequah.

Hapo mtoto wako ameshanaswa. Miaka miwili ya kungoja ni kitu ambacho kila mtoto anakielewa, na mwandishi haikimbizi. Unapofika wakati wa kijana kuwatia watoto wa mbwa ndani ya gunia, vichwa vikichungulia nje, msomaji anajua kila senti ilitoka wapi.

Halafu yanakuja mafunzo, na hapa ndipo kitabu kinaponipendeza kuliko kote. Mawindo yenyewe ni rakuni, mnyama wa usiku mwenye baka jeusi kuzunguka macho na mkia wa pete pete. Ili kuwafundisha mbwa unahitaji ngozi yake kwanza, na kumpata bila mbwa si rahisi. Babu anamfundisha mtego. Unatoboa tundu kwenye gogo, ndani unatumbukiza kipande cha bati kinachometa, kisha unapigilia misumari kwa mshazari mpaka ncha zake zikaribiane ndani ya tundu. Kwa maelezo ya babu, rakuni hawezi kupita kitu kinachong'aa. Ataingiza mkono, atakishika, atafumba ngumi, na ngumi haipiti tena kwenye misumari. Angekiachia angetoka. Hakiachii.

Mwanangu alinisimamisha hapo. Alifumba ngumi yake, akaigeuza geuza, akaniambia, "Baba, si akiachie tu?" Tulikaa na swali hilo muda mrefu. Na kitabu hakiishii kwenye ujanja wa mtego: baada ya ngozi kupatikana, baba yake Billy anamwambia akang'oe misumari yote, kwa kuwa mtego wa namna ile haumpi mnyama nafasi yoyote. Binti yangu, ambaye hapendi uwindaji hata kidogo, aliishika sana sehemu hiyo. Uwindaji una adabu zake, na kitabu kinazionyesha mtu akizitekeleza badala ya kuzihubiri.

Mbwa wenyewe ni dume na jike. Old Dan ana nguvu, hana woga, na mara nyingi anajitia hatarini kwa ubishi. Little Ann ni mdogo kwa umbo lakini ndiye mwenye akili. Rakuni anajua kuvuruga njia yake: anaingia mtoni, anaogelea, anatokea upande mwingine mbali, au anarukia mti na kushuka upande wa pili. Old Dan hupoteza harufu na kuanza kuhangaika. Little Ann hutulia, akakagua ukingo wa mto kipande kwa kipande hadi aipate tena. Mtoto akisoma kurasa hizi anajifunza kwamba kuna aina mbili za uhodari, na kwamba kila moja inaihitaji nyenzake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Unaliona tu likitendeka, usiku baada ya usiku.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi masikio yanavyofanya kazi katika hadithi za aina hii. Uwindaji wa rakuni ni wa gizani. Mwindaji hawaoni mbwa wake. Yuko nyuma kabisa na fanusi na shoka, anasikiliza. Mbwa wa aina hii, akiwa anafuata harufu, hutoa sauti ndefu ya kuvuta, na mawindo yakishapanda mtini sauti hubadilika ikawa ya mikato mifupi mifupi, ya haraka. Kwa hiyo aliyezoea anajua kinachoendelea bondeni bila kuona chochote. Ndiyo maana nasema kitabu hiki usimpe mtoto asome peke yake mara ya kwanza. Msomee. Giza, sauti za mbali, kimya cha ghafla, halafu sauti moja tu inayojibu: haya yote yanataka kusikika. Nimejaribu pia toleo la kusikiliza, na ni zuri kwa safari ndefu, ila huwezi kulisimamisha kwa wakati ule ule mtoto anapotaka kuuliza, na maswali ni mengi.

Tukio la mti mkubwa linatosha kununulia kitabu. Billy alikuwa amewaahidi mbwa wake kwamba wakimpandisha rakuni wao wa kwanza mtini, yaliyobaki atayamaliza yeye. Wanampandisha, lakini kwenye mti mkubwa kuliko yote bondeni. Mtu mwingine angewaita mbwa warudi nyumbani. Kijana anaanza kukata na shoka, anakata siku nzima na zaidi, viganja vinachubuka na kutoka malengelenge. Babu anamwonyesha namna ya kusimamisha sanamu la kuogofya chini ya mti ili rakuni asishuke wakati yeye akienda kula na kupumzika. Baba yake angeweza kuumaliza mti ule kwa shoka lake, lakini anaelewa kwamba hiyo si kazi yake. Nguvu zinapomwishia Billy anaomba, na upepo unauangusha mti. Ahadi kwa mnyama, ambaye hawezi kukudai wala kukushtaki, inatimizwa kama ahadi kwa mtu mzima. Sijui kitabu kingine cha watoto kinachobeba jambo hilo kwa uzito huu.

Yapo yanayohitaji tahadhari. Kuna mtoto anayekufa katikati ya kitabu, kwa ajali ya shoka, na imeandikwa waziwazi. Mzazi aipitie sura hiyo kwanza peke yake. Wanyama wanauawa, ngozi zinauzwa. Ndiyo uchumi wa wakati ule, ngozi ya rakuni ilikuwa na soko kubwa Marekani, hasa miaka ya 1920 makoti yake yalipokuwa mtindo. Dada zake Billy hawakupewa nafasi ya kuwa watu kamili, wapo tu, na binti yangu aliliona hilo na kulisema. Nakubaliana naye kabisa. Kiingereza chake nacho kina lahaja ya watu wa milimani, kwa hiyo mtoto anayejifunza lugha hiyo atahitaji msaada wako katika mazungumzo ya wahusika.

Mwandishi, Wilson Rawls, alizaliwa Oklahoma mwaka 1913, akasoma shule kidogo sana, akawa fundi seremala anayehama hama kutafuta kazi. Aliandika kwa miaka mingi kwa siri, na kabla ya kuoa mwaka 1958 aliyachoma maandishi yake yote kwa aibu. Mkewe ndiye aliyemsihi aiandike upya hadithi hii, naye akaiandika kwa kumbukumbu. Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini habari za kopo, gogo na misumari ziko sahihi hivyo. Mtu aliyeandika kitu, akakiteketeza, kisha akakirudisha chote kutoka kichwani, hakubakiza maneno ya kupamba.

Baada yake tulisoma vingine viwili vya ukoo huu. Big Red cha Jim Kjelgaard, cha mwaka 1945, kina mbwa wa fahari, wa maonyesho, anayeishia kuwa mwenzi wa Danny, kijana wa porini, na dubu mkubwa wa kukabiliana naye. Ni chepesi zaidi moyoni, kina msisimko, na mtoto wa miaka tisa hivi ataimudu hadithi yote bila kuogopa. Ugomvi kati ya Danny na baba yake juu ya kazi inayomfaa mbwa huyu umeandikwa kwa busara sana: baba anataka awinde wanyama wanaotegwa kwa ngozi, kijana anaona mbwa amezaliwa kwa ndege. Tena, ni swali la kazi.

Sounder cha William H. Armstrong, kilichotoka 1969 na kupata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, mwaka 1970, ni kingine kabisa. Familia ni ya wakulima Weusi maskini wa kusini mwa Marekani. Baba anakamatwa kwa kuiba nyama ili watoto wale, na mbwa anapigwa risasi akimfuata bwana wake. Mbwa ndiye peke yake mwenye jina ndani ya kitabu. Sauti yake kubwa inazimika, na msomaji anaingojea irudi kama anavyomngojea baba. Kisome na mtoto wa miaka 12 kwenda juu, na uwe tayari kuzungumzia ubaguzi na magereza ya kazi ngumu bila kuzunguka.

Ukiwa na uwezo wa kununua kimoja tu, chukua Where the Red Fern Grows, jalada laini linatosha. Mtoto akikuuliza mapema kama mbwa watakufa, mwambie ukweli. Wangu nilimwambia, na hamu yake haikupungua. Sura mbili za mwisho, zile za Old Dan na Little Ann na za kangaga jekundu lililoota kati ya makaburi, zisome mchana siku ya mapumziko, si dakika za kuzima taa. Yatakuja maswali, na ni vizuri yakukute una muda.