Sauti nasikia mimi, wakamuuliza kaka yangu

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo.

Nilikwenda hospitali kwa sababu nilikuwa nasikia sauti. Sioni aibu tena kulisema. Sauti ya mwanamke, sikio la kushoto, na maneno ni yale yale: "Funga mlango." Hakunitukana, hakuniambia nijidhuru wala nimdhuru mtu. Funga mlango, basi. Ilikuja mara mbili tatu kwa wiki, ikakaa kama dakika moja, ikaondoka na kuniacha hoi kama niliyeshinda shambani.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Kaka yangu mkubwa alitoka Korogwe kuja kunisindikiza, kwa sababu mama hakutaka niende peke yangu. Kaka nampenda, lakini tunaonana sikukuu kwa sikukuu. Hilo mlikumbuke.

Foleni tuliishika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaingia saa tano kasoro. Viti vilikuwa viwili na mimi nilikaa kile kilicho karibu na meza. Dokta akamtazama kaka.

"Ana shida gani?"

"Anasikia sauti."

"Muda gani?"

"Kama miezi miwili hivi."

Zilikuwa wiki tatu. Nikafungua mdomo niseme, dokta akaninyooshea kiganja, hivi, kama unavyomzuia mtoto asiingilie maongezi ya wakubwa, huku mkono mwingine ukiendelea kuandika.

"Zinamtukana?"

Kaka akanitupia jicho. "Nadhani."

"Ukoo wenu una mgonjwa wa akili?"

Kaka akamtaja mjomba wetu aliyewahi kuchanganyikiwa. Mjomba alikuwa mtu wa gongo, na alianza kuona vitu siku ya tatu baada ya kuiacha ghafla. Hiyo ni pombe ikimtoka mtu mwilini, kila mtu kwetu anajua. Lakini iliandikwa.

Analala? Anakula? Anaongea peke yake? Ana-, ana-, ana-, na mimi nimekaa pale pale, kiganja kile bado nakiona. Hakuna aliyeniuliza ile sauti inasema nini. Hata mara moja. Nikatoka na neno skizofrenia, ugonjwa wa akili, juu ya kadi, vidonge vyake vya haloperidoli kwenye mfuko wa karatasi, na kaka ananishika kiwiko kana kwamba nitakimbia.

Siku ya tatu nikiwa kwenye daladala shingo ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea bega la kulia. Macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito, nikashindwa hata kumwambia konda anishushe. Mama mmoja akaanza kukemea pepo. Bahati kulikuwa na zahanati karibu na kituo, wakanibeba. Muuguzi wa pale hakuhitaji hata dakika. "Dada, unakunywa haloperidoli? Walikupa na Artane?" Sikupewa hiyo Artane, dawa ya kulegeza misuli. Akanichoma sindano, na baada ya kama nusu saa shingo ikarudi mahali pake. Akanieleza kwamba dawa ile huweza kukaza misuli namna hiyo siku za mwanzo, jambo linalojulikana na lenye tiba yake. Kumbe ningeweza kuambiwa tangu dirishani.

Shingo iliporudi, mikono ikabaki inatetemeka. Nilikaa mbele ya cherehani na uzi mweusi, nikaulowesha mate, nikaukunja ncha, nikalilenga tundu la sindano, nikakosa. Nikakosa tena. Msichana wangu wa kazi, ninayemfundisha ushonaji, akaja kimya kimya akanitungia. Nililia siku hiyo. Miaka kumi na minne natunga uzi gizani umeme ukikatika.

Niseme na hili, ingawa kuna watakaochukia. Kabla ya hospitali mama alinipeleka kusomewa. Yule shehe aliniuliza sauti inasemaje, nikamwambia. Akauliza inakuja wakati wa swala au wakati wowote, nikamwambia. Akanisomea, akanipa kombe ninywe, kisha akamwambia mama, "Huyu mimi sijaona kitu. Mpelekeni hospitali wampime kichwa." Sisemi watu waache hospitali waende kwa mashehe, na yeye mwenyewe hakusema hivyo. Nasema alinisikiliza.

Kwa daktari wa pili nilifikishwa na mteja wangu. Mwanamama, sauti ya chini. Kwanza alimwomba kaka atusubiri nje kidogo. Halafu akasema, "Nisimulie ile ya mwisho, kuanzia ulichokuwa umeshika mkononi."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu niliona ni cha kipuuzi: kabla ya sauti huja harufu ya plastiki inayoungua, na tumbo linapanda kama gari likishuka mteremko ghafla. "Na baada ya sauti?" Hapo sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba mara nyingi nilijikuta nimekata kitambaa kombo. Akauliza nani anashinda nami, tukampigia msichana wangu, simu ikawekwa sauti ya juu. "Dada huwa anatafunatafuna mdomo mtupu, anavutavuta kitambaa, nikimwita haitiki. Mimi nilidhani ana mawazo."

Shahidi alikuwepo siku zote, amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na aliyeulizwa ni mtu wa Korogwe.

Damu ilipimwa: tezi ya shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI, malaria, sukari. Nikaulizwa bangi, pombe, dawa ninazotumia, kama nimezaa karibuni, kama nimefiwa, ninalala saa ngapi, kwa sababu vyote hivyo huweza kumletea mtu sauti. Kikafuata kipimo cha umeme wa ubongo, EEG. Kilitoka safi, nikakata tamaa. Akasema kipimo kimoja safi hakimalizi maneno, turudie nikiwa sijalala. Nikakesha usiku kucha nashona sare za shule, asubuhi nikabandikwa waya kichwani, na safari hii kikaonekana: upande wa kulia, usawa wa sikio.

Kifafa. Mimi ambaye sijawahi kuanguka wala kutoka povu. Akanifafanulia kwamba kipo kinachoshika kipande kimoja tu cha ubongo, na kikishika pale panaposhughulika na kusikia, mtu husikia. Alinitajia Wilder Penfield, daktari wa upasuaji kule Montreal, aliyekuwa akigusa sehemu hiyo kwa umeme kidogo wagonjwa wakiwa macho, na baadhi yao wakasikia watu wakiongea au muziki ukipigwa, na chumbani hakuna muziki. Nilimwomba anirudie hadithi hiyo mara ya pili.

Nikaanzishwa kabamazepini, dawa ya kifafa, kidogo kidogo, haloperidoli ikapunguzwa taratibu chini ya macho yake. Sauti haijarudi tangu kabla ya Ramadhani. Uzi natunga mwenyewe.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema pale pa kwanza msikanyage. Naona siwezi. Kwenye ile foleni nyuma yetu kulikuwa na kijana na mama yake, amefuata sindano yake ya mwezi. Aliniambia bila sindano ile asingekuwa anauza mitumba leo, angekuwa barabarani. Skizofrenia ipo, inatibika, na jina lenyewe si tusi. Kwa yule kijana dokta yule yule alipatia. Na mafaili mezani pake niliyaona, rundo lilipita kimo cha kompyuta, naye alikuwa peke yake. Nendeni, basi. Kama mnasikia sauti, nendeni, msikae nyumbani.

Lakini nikikumbuka kiganja kile, huruma yote inanitoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ili mtu aandikiwe skizofrenia unataka angalau dalili mbili, zikae mwezi au zaidi. Ule wa Marekani unataka miezi sita. Mimi nilikuwa na dalili moja na wiki tatu, na hizo wiki tatu nilizuiwa kuzitamka. Rundo la mafaili haliwezi kukufanya umnyooshee mgonjwa mkono. Swali la "inasema nini" linachukua muda gani? Muda huo aliutumia kwa swali la mjomba.

Kaka ameniomba radhi. "Aliniuliza mimi, nikajibu," anasema, na ni kweli. Simlaumu.

Wiki iliyopita nilirudi kule na majibu ya EEG, nikaomba lile neno lirekebishwe kwenye faili langu. Karani akaniambia hapa huwa hawafuti, mama, na dokta hayupo. Akamgeukia mume wangu, akamuuliza, "Anatumia dawa vizuri?" Nikajibu mimi. Barua nimeiandika kurasa mbili, nakala ya kipimo nimeambatanisha, naipeleka Jumatatu.