Nyenje ndani ya nyumba: nini ununue kwanza na nini ukiache hukohuko dukani

Mvua zikianza tu huku kwetu Goba simu nazo zinaanza, shoga yangu wa Madale, mdogo wangu wa Chanika, wote swali moja, dada ninunue dawa gani ya nyenje sijalala siku ya tatu leo. Na jibu langu ni lilelile kila mwaka, hela ya dawa iweke kwanza, nenda duka la vifaa vya ujenzi. Nimeshanunua karibu kila kitu kinachouzwa hapa Dar kwa ajili ya hawa wadudu (kuna wanaowaita chenene), kwa hiyo naandika kwa mpangilio, naanza na kile ambacho ningekununulia leo jioni namaliza na vile ambavyo haviingii ndani kwangu hata nikipewa bure.

Kwanza elewa unapambana na nani. Anayekunyima usingizi ni dume, anasugua mabawa yake kumuita jike. Jike lenyewe liko kimya kabisa na ndo lenye kazi, linataga mayai kwenye udongo wenye unyevu huko nje, na kukiwa na joto la nyuzi 30 hivi mayai yanaanguliwa ndani ya wiki mbili tu, kufika wiki ya sita mpaka ya nane tangu yai ushapata nyenje mkubwa anayeimba. Sasa sisi tuliojenga maeneo mapya tumezungukwa na viwanja vya watu vimejaa majani, hao wanazaliwa kule wanaingia kwetu. Ukiua kumi sebuleni usiku huu wapo wengine kibarazani chini ya taa wanasubiri mlango ufunguliwe. Ndo maana dawa haipo juu kwenye orodha yangu.

Namba moja ni raba ya chini ya mlango, na hapa nitakaa kidogo maana watu wanaidharau. Usiku zima taa za ndani, mwambie mtu amulike tochi kwa nje, mwanga ukipita chini ya mlango basi nyenje anapita, tena wale wachanga wanapita hata pale unapoona pamebana. Dukani utakuta aina tatu. Kuna ya sponji, ile yenye mirija miwili inayochomekwa tu chini ya mlango, ni rahisi haihitaji fundi lakini ukipiga deki inanyonya maji inakaa mbichi siku nzima, na nyenje anachopenda ni unyevu, yangu nilikuja kuitoa nikamkuta kajificha humohumo. Kuna ya kubandika kwa gundi, hii inafaa mlango wa chumbani usiopigwa jua wala mvua, mlango wa nje itabanduka mapema. Halafu kuna bapa la aluminiamu lenye raba au brashi linalofungwa kwa skrubu, chukua hii, ya raba kama sakafu yako ni tailizi maana inalala vizuri, ya brashi kama sakafu ni ya saruji ina mabonde. Pima upana wa mlango kabla hujatoka nyumbani, ikizidi inakatwa kwa msumeno wa chuma, ikipungua umepoteza hela. Safari hiyohiyo beba silikoni tyubu moja uzibe pale bomba la sinki linapotoboa ukuta, na wavu wa matundu ya hewa. Wavu chukua wa aluminiamu, ule laini wa plastiki nyenje anautafuna.

Namba mbili, taa ya nje. Wadudu wa usiku wanavutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubluu kuliko wa manjano, na wengi wetu nje tumefunga zile taa nyeupe kali kwa ajili ya wezi. Angalia kwenye boksi la balbu kuna namba inaishia na K, ikiwa 6500K hiyo ndo nyeupe kali, wewe tafuta 2700K, ikikosekana hata 3000K inafaa. Bei haipishani sana na ile nyeupe, balbu ni ileile ya LED rangi tu ndo tofauti. Kama unaogopa giza funga yenye sensa iwake mtu akipita tu. Mimi baada ya kubadilisha ya kibarazani asubuhi naokota wachache sana, zamani nilikuwa nafagia.

Hivyo viwili fanya kwanza, upe wiki moja mbili. Waliobaki ndani ndo unawanunulia vitu vinavyofuata.

Gundi ya panya naipa namba tatu. Ipo kila mahali, machinga anapita nayo mlangoni, haina sumu, na cha muhimu zaidi inakuonyesha wanapitia wapi. Iweke imegusa ukuta sio katikati ya chumba, maana nyenje anatembea akifuata ukuta, nyuma ya friji, chini ya sinki, pembeni ya mlango wa stoo. Kipande kilichojaa ndo upande wenye tundu, nenda kazibe. Kama una paka au mtoto anayetambaa iingize kwenye boksi la viatu ulilotoboa mlango mdogo chini, na mjusi akinasa mpake mafuta ya kula taratibu atatoka, mjusi ni mwenzako kwenye hii vita. Usipokuwa na hela kabisa bakuli lenye molasi au sukari guru na maji linawavuta wanazama, ila utamwaga kila asubuhi.

Namba nne ni unga wa diatomaiti, huu wengi hawaujui kwa kuua wadudu wa ndani ila wakulima wanaujua kwenye kuhifadhi mahindi. Ni udongo mweupe wa mabaki ya mimea midogo sana ya majini, Kenya unachimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Unafanya kazi kwa kukwangua nta iliyofunika ngozi ya mdudu, anakauka. Kwa hiyo sio wa papo kwa papo, na ukilowa haufanyi kazi, weka palipo pakavu tu, nyuma ya kabati, kwenye ufa wa skatingi. Nyunyiza kiduuchu sana ubaki kama vumbi, ukiweka rundo anazunguka. Vaa barakoa wakati wa kunyunyiza maana vumbi lake si zuri kwenye mapafu, na uwe unaouzwa kwa kazi ya wadudu au nafaka, ule wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea usiuchukue, umechomwa ukabadilika na ni hatari zaidi kuuvuta.

Kopo la kupuliza nimeliweka namba tano, najua wengi mnaanza nalo. Linaua nyenje unayemuona, basi. Kiasili dawa hizi zilitokana na maua ya pareto, yale yanayolimwa Mufindi na Molo, na pareto halisi ikipigwa na jua inaisha nguvu haraka, hizi za kiwandani zinadumu zaidi kidogo. Kama unanunua, soma kopo kama ni la wadudu watambaao au ni la mbu tu, nyenje anahitaji la watambaao, na pulizia kwenye kona na nyufa badala ya hewani. Ondoa watoto, funika chakula, samaki wa tangini pia funika. Na waliokufa kwa dawa usiwatupie kuku.

Fundi wa kupiga dawa ni namba sita kwa sababu ya gharama tu, kuna nyumba anahitajika kweli, hasa kama wanatokea kwenye chemba au chini ya msingi. Muulize jina la dawa, akuonyeshe chupa yenye lebo na namba ya usajili, Tanzania msajili ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Kenya ni PCPB, bodi yao ya viuatilifu. Akikuambia dawa ni siri yake mpe nauli arudi. Na apige nje kuzunguka msingi, sio vitandani.

Sasa vya kuacha. Kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachodai kufukuza wadudu kwa sauti usiyoisikia, hapana. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo kwamba madai yao yawe na ushahidi wa kisayansi. Nyenje anasikia kweli, masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, na akiwa anaruka hewani anakwepa sauti za popo, ila yule aliyetulia nyuma ya friji lako hajali.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, watu wanavitupa kila kona vyumbani kufukuza nyenje. Jamani kama kuna mtoto mchanga acheni. Huku kwetu kuna watoto wengi wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, mtoto anazaliwa na upungufu huo), wazazi wengine hawajui, na naftalini inaweza kuvunja chembe hizo.

Na dawa ya shamba iliyopimwa kwenye chupa ya soda, na chaki ya wadudu ya buku. Chupa ya soda mtoto anajua ni soda, chaki anajua ni ya kuandikia, na zote mbili hazina lebo ya kumwonyesha daktari akikuuliza mtoto kanywa nini.