Aktueta ya gesi na mafuta: nyota tatu, na moja ni ya huruma

"Ongezeni mafuta." Hilo ndilo jibu la fundi wa muuzaji kwa kila ugonjwa. Aktueta, yaani mashine inayofungua na kufunga vali ya bomba la gesi, inakwenda taratibu? Ongezeni mafuta. Inatetemeka? Ongezeni mafuta. Vali ya bomba kuu imeamriwa ifunge, imesimama nyuzi 40 kati ya 90, gesi inapenya kwenye mwanya ikipiga mluzi na kula sili za lile tufe linaloziba bomba ndani ya vali? Haya, ongezeni mafuta. Mafuta yaliongezwa, na ni hayo hayo yaliyoiua.

Vipimo vya kwenye karatasi sitavirudia, kila mtu anaweza kuvisoma. Nitasema kile ambacho karatasi haisemi.

Huko bomba linakopita hakuna nguzo ya umeme. Kilichopo ni gesi yenyewe, kwa presha ya bar 60, 70, pengine zaidi, na mashine hii inakula humo humo. Vijibomba viwili vinachota gesi, kimoja kila upande wa vali, ili upande mmoja ukikosa presha wa pili ulishe. Gesi inapita kwenye chujio na kikaushi, inaingia tangi la akiba kupitia vali isiyoruhusu kurudi, kisha inasubiri kwenye bloku ya udhibiti. Amri ikija, iwe ya solenoidi (kijivali cha sumaku ya umeme) ya volti 24 inayolishwa na betri za sola au ya mkono wa mtu kwenye wenzo, gesi inaingia juu ya mafuta katika tangi moja kati ya mawili. Mafuta yanasukumwa hadi kwenye aktueta na kuzungusha bawa la ndani robo mzunguko, huku mafuta ya upande wa pili wa bawa yakirudi tangi la pili. Safari ikiisha, gesi iliyotumika inaachiwa hewani na matangi yote mawili yanabaki bila presha.

Kwa nini gesi isisukume bawa moja kwa moja? Kwa sababu vali iliyokaa miezi bila kuguswa hung'ang'ania. Gesi hujikusanya nyuma yake kama springi, na vali ikishaachia inaruka yote kwa mpigo mmoja na kugonga kikomo. Mafuta hayabanwi. Yanalazimika kupita kwenye vijivali viwili vya kupunguza mwendo, kimoja cha kufungua na kingine cha kufunga, na hapo ndipo kasi inapopangwa. Wengi huweka karibu sekunde 1 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani vali ya inchi 24 ifunge kwa sekunde 24 hivi. Hapo nakiri aliyebuni alikuwa na akili. Nyota ya kwanza ni yake, si ya muuzaji.

Sasa njoo kwenye yale matangi mawili, maana kisa chote kimo humo. Tuliite A la kufungia na B la kufungulia. Vali ikiwa wazi, mafuta ya B yamekwenda kwenye aktueta, kwa hiyo B liko chini na A liko juu. Vali ikifungwa mambo yanageuka. Tangi moja kuwa chini si kasoro hata kidogo, ni nafasi ya vali tu! Lakini vali hizi hukaa wazi karibu maisha yao yote, na fundi akija kukagua anachomoa kijiti cha kupimia kwenye B, anaona alama iko mbali, anamimina. Safari nyingine anamimina tena. Na akipiga simu kuuliza, anaambiwa kwa sauti ya mtu anayekatizwa chai yake: "Tangi likiwa chini, ongezeni, hilo nalo la kuuliza?"

Siku vali inapoamriwa ifunge, mafuta yote yaliyokuwa kwenye aktueta yanarudi B, ambalo tayari limejazwa. Nafasi ya gesi juu yake haipo. Mafuta yanapanda kupitia bloku ya udhibiti na kutokea kwenye sailensa, kile kipunguza kelele cha gesi inayoachiwa hewani. Sailensa ile ni kipande cha shaba chenye vitundu vidogo mno, na bomba la gesi halikosi vumbi jeusi, lile unga la kutu na salfaidi ya chuma linalopenya chujio likichoka. Mafuta na unga vikikutana pale vinakuwa kitu kama rangi ya viatu. Ukikifungua ukakipangusa kwa kidole, weusi wake hautoki kwa sabuni siku mbili.

Hapo ndipo ubaya unapojificha, kwa sababu mara ya kwanza vali inafunga vizuri tu, na kila mtu anaondoka ameridhika. Baadaye inafunguliwa tena. B linapata bar 70, linasukuma, vali inafunguka, halafu gesi ya B inatakiwa itoke. Kwa sailensa safi inamalizika kwa sekunde chache. Kwa sailensa iliyozibwa na ule uji inatoka kwa kunong'ona, dakika kwa dakika. Amri ya kufunga ikija mapema, B bado lina, tuseme, bar 30. A linasukuma kwa bar 70, mafuta yanarudi B, gesi iliyonaswa mle inabanwa na presha yake inapanda, tofauti kati ya matangi inapungua, na nguvu ya kuzungusha inaisha kabla ya kufika mwisho. Vali inasimama nyuzi 40. Swichi ya kikomo, inayotoa taarifa kwamba vali imefika mwisho, haijaguswa, kwa hiyo kwenye kioo cha chumba cha udhibiti haionekani wazi wala kufungwa, na solenoidi inaendelea kunyonya betri ikingoja jibu lisilokuja.

Jibu la pili la muuzaji: "Tumieni pampu ya mkono." Ndugu, pampu ya mkono inahamisha mafuta yale yale kwenda B lile lile lenye gesi iliyonaswa. Kila mpigo unabana zaidi, na mpini unakuwa mgumu hadi mtu mzima ananing'inia juu yake. Pampu inafanya kazi ikiwa matangi yote mawili yameachiwa presha kwanza. Jambo hilo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibao cha pampu. Kwenye kibao kuna nembo.

Jibu la tatu: "Gesi yenu chafu." Kweli, chafu. Gesi ya bomba gani ni safi? Mashine imeuzwa kwa ajili ya gesi hiyo hiyo.

Kwa aliyekwama mahali hapo, utaratibu ni huu. Funga koki zote mbili za kuchotea gesi. Toa presha ya tangi la akiba. Halafu fungua koki ndogo za kupumulia juu ya A na B, taratibu, ukiwa umesimama ubavuni upande upepo unakotoka, bila kitu chochote cha kutoa cheche. Usiiamini geji peke yake, maana sindano hukwama. Legeza kizibo cha kujazia robo mzunguko na usikilize. Kikipuliza, ngoja. Kizibo cha tangi lenye bar 30 kikitoka chote kwa mara moja ni risasi. Matangi yakishatulia, ndipo piga pampu ufunge vali, na kwa vali kubwa jiandae kwa mamia ya mipigo. Vali isiachwe katikati hata kama usiku umeingia.

Mafuta yenyewe, dawa yake ni hesabu ya shule ya msingi. Pima A, pima B, jumlisha, andika jumla hiyo ndani ya mlango wa kasha. Jumla haibadiliki vali ikiwa wazi au ikiwa imefungwa. Ikipungua, mafuta yanavuja nje, tafuta doa. Jumla ikiwa ile ile lakini mgawanyo hauendani na nafasi ya vali, mafuta yanavuka sili za bawa, na hilo ni baya zaidi: tangi likikauka, gesi inaingia kwenye aktueta, vijivali vya mwendo haviwezi kuizuia, vali inagonga kama mlango wa upepo. Kabla ya kuongeza tone lolote, fungua kizibo cha chini cha tangi kwanza. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, na ndiyo yanayotangulia kuingia kwenye aktueta na kuleta kutu.

Niliwahi kufikiri nyota moja inatosha. Kisha kuna kile kigunduzi cha kupasuka kwa bomba, nikataka kuiondoa hata hiyo. Kinalinganisha presha ya bomba na ya kitangi kidogo kinachopumua kupitia tundu jembamba. Bomba likipasuka, presha inashuka haraka kuliko kitangi kinavyoweza kufuata, tofauti inasukuma kiwambo na vali inafungwa bila kumsubiri mtu. Tundu likizibwa na uchafu, hata mshuko wa kawaida wa jioni unaonekana kama mpasuko na vali inafungwa bure. Kero, lakini angalau inasikika. Hatari ni kivujo upande wa kitangi: tofauti haijengeki kamwe, na kifaa kinalala fofofo siku ya msiba. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya kitangi. Angalia pia tundu la kupumulia la upande wa springi, maana nyigu wa udongo hulipenda kuliko nyumba zao wenyewe.

Baridi nayo haisameheki. Kila bar 1 inayoshuka inaondoa karibu nusu nyuzi ya joto, hivyo gesi ya bar 70 ikitolewa hewani inapoa nyuzi 30 hivi. Kikaushi kikiwa kimejaa unyevu, barafu ya gesi na maji inaziba kijivali hata mchana wa jua kali. Badilisha chembe za kikaushi kabla hazijageuka tope.

Na bado siwezi kusema msiinunue. Mwaka 2010 huko San Bruno, California, bomba lilipasuka, watu 8 wakafa, na ilichukua dakika 95 kuisimamisha gesi, kwa sababu vali zilikuwa za kufungwa kwa mikono. Aktueta hii ikiwa nzima ingefunga vali ndani ya dakika moja tangu iamriwe. Tena inafanya hivyo hata bomba likiwa limekwisha presha, mradi tangi la akiba limeshikilia yake. Hilo lipime mwenyewe: funga koki za kuchotea, tazama geji ya akiba kwa nusu saa, kisha endesha vali kwa gesi ya akiba peke yake. Geji ikishuka kabla hujagusa kitu, kuna kivujo mahali, na akiba hiyo ni pambo. Marekani sheria inataka vali za dharura za mabomba ya kusafirishia zikaguliwe na kuendeshwa kidogo angalau mara moja kila mwaka, bila kupita miezi 15. Kwa hii, mimi ningesema mara mbili, na sailensa ifunguliwe kila mara.

Sailensa ile ya shaba imekwenda kwenye pipa la vyuma chakavu. Mahali pake sasa kuna kiwiko kitupu kilichoelekea chini, na wavu wa wadudu mdomoni. Kelele imeongezeka, gesi inatoka kwa sekunde nne, vali inafika nyuzi 90. Basi, nyota tatu. Nikisikia tena "ongezeni mafuta", narudi kwenye moja.