Raba ya EPDM, vinili au ya kubandika sakafuni? Tathmini ya raba za mlango wa gereji kwa nyumba za kwenye theluji

Ukisimama mbele ya rafu ya raba za mlango wa gereji, zile za kuziba mianya kati ya mlango na sakafu au fremu, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kama Home Depot au Lowe's, zote zinafanana: nyeusi, zimeviringishwa, bei zake zimekaribiana. Tofauti inajitokeza Januari, mlango ukiwa Minneapolis au Duluth, miji ya baridi kali kaskazini mwa Marekani, na upepo unapita chini yake. Kati ya zinazouzwa kwa wingi, inayostahili pesa yako ni raba ya EPDM (aina ya mpira wa sintetiki) ya kuwekwa chini ya mlango, yenye kingo mbili za umbo la herufi T. Nyingine zina kazi zake, lakini haziwezi kuchukua nafasi yake. Tunazungumzia hapa mlango wa paneli unaopanda kwenye reli, ule wa nyumba nyingi za Marekani na Kanada.

Vinili ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kilainishi. Miaka inavyopita kilainishi hicho kinatoka, jua likiharakisha, na plastiki inabaki kavu. Baridi inaikaza zaidi. Raba iliyokakamaa haibonyei kufuata sakafu; inakaa juu ya sehemu zilizoinuka na kuacha mabonde wazi, kisha inapasuka pale inapojikunja. EPDM ni mpira wa sintetiki, jamii ya ule wa kingo za milango ya magari, na hubaki laini hata kwenye nyuzi 40 za selsiasi chini ya sifuri. Kama unaishi mahali ambapo maji hayagandi, vinili itakutosha. Kwenye theluji, usiinunue kwa ajili ya chini ya mlango.

Kosa linalorudisha watu dukani zaidi ni kipimo cha T. Chini ya mlango wa chuma kuna reli ya alumini yenye mifereji miwili, na kila ukingo wa raba una kichwa cha T kinachoteleza ndani ya mfereji wake. Vipimo vya kawaida vya kichwa hicho ni robo inchi (kama milimita 6) na 5/16 ya inchi (kama milimita 8). Kwa macho ni kitu kimoja. Kidogo ukikitia kwenye mfereji mkubwa, raba inachomoka mara ya kwanza inapogandia sakafu. Kikubwa kwenye mfereji mdogo kinakwama katikati ya safari, na hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Kata kipande cha raba ya zamani, pima upana wa kichwa kwa rula yenye milimita, na uende nacho dukani. Milango mingine ina ncha za duara badala ya T, na mingine ina mfereji mmoja tu. Ndiyo maana kipande mkononi kinashinda maelezo yoyote ya mdomo.

Kipimo cha pili ni upana wa raba ikiwa imelazwa bapa. Inchi 4 inatosha milango mingi. Kama sakafu imebonyea, chukua ya inchi 6, inayoning'inia chini zaidi na kujaza bonde. Usichukue ya inchi 6 kwa sababu tu inaonekana nene: kwenye sakafu iliyonyooka inajikunja nje au ndani, maji yanakaa kwenye mkunjo, na yakiganda raba inang'ang'ania zege.

Kabla ya kununua chochote, funga mlango mchana, zima taa, kaa ndani utazame mwanga. Mwanga ukionekana katikati huku pembe mbili zimegusa, sakafu imezama. Ukionekana upande mmoja tu, huenda mlango hauko sawa, kebo moja ya kuuinulia ikiwa imelegea kuliko nyingine, na raba mpya haitatibu hilo. Hapo mwite fundi wa milango. Ukionekana kwenye kona mbili, pale raba ya chini inapokutana na ya ubavu, basi raba ya chini imesinyaa au imetafunwa. Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6, na huanzia hapo hapo konani.

Kufunga raba ya chini kunahitaji watu wawili. Chomoa mota ya kufungulia mlango kwenye umeme. Kamba nyekundu ya kutenganisha mlango na mota ivutwe mlango ukiwa umefungwa tu, kwa sababu springi inayobeba uzito wa mlango ikiwa imekatika, mlango ulio juu unaanguka na uzito wake wote. Uinue kwa mikono hadi usawa wa kifua, kisha bana koleo la kujifunga kwenye reli ya kupandia mlango, chini ya rola (gurudumu dogo), pande zote mbili. Fungua ncha za mifereji zilizofinywa, vuta raba ya zamani. Ikigoma ikate vipande. Halafu fanya kazi ambayo wengi wanairuka: safisha mfereji mzima kwa bisibisi bapa na brashi ya waya. Chumvi ya barabarani huacha ukoko mweupe ndani ya alumini, na ukoko huo ndio unaofanya watu walaumu raba nzuri.

Paka maji ya sabuni. Mmoja alishe raba kwenye mifereji, mwingine avute taratibu kutoka upande wa pili. Raba isinyooshwe. Iliyonyooshwa inarudi kwenye urefu wake ndani ya siku chache na kuacha kona wazi. Mlango wa gari moja wa futi 9 ununulie futi 10, wa magari mawili wa futi 16 ununulie futi 17. Acha inchi 2 zizidi kila upande, funga mlango, subiri hadi kesho yake, ndipo ukate na kufinya ncha za mifereji kwa koleo ili raba isitembee.

Kuna sehemu moja ya kutogusa. Vishikio vya chuma kwenye pembe za chini, ambavyo skrubu zake mara nyingi hupakwa rangi nyekundu, vinashika kebo za springi. Kebo hizo zimebeba uzito wa mlango hata ukiwa umesimama kimya, na skrubu ikifunguka kishikio kinaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Kama kishikio kimeziba mdomo wa mfereji, ingiza raba kutokea upande wa pili, au mwachie fundi.

Raba mpya ni nene kuliko iliyochakaa, kwa hiyo mota inaweza kugusa sakafu mapema, ikadhani imekuta kizuizi na kurudisha mlango juu. Rekebisha kikomo cha chini cha mota hadi raba ibonyee kama nusu. Ikilaliwa ikawa bapa, itachoka mapema. Kisha laza ubao wa inchi 2 kwa 4 sakafuni katikati ya mlango na ufunge: mlango lazima uguse ubao na kurudi juu wenyewe. Usiporudi, usiutumie na mota mpaka utengenezwe. Mota zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 1993 zina pia sensa za macho, zinazotambua kizuizi kwa mwali wa mwanga, karibu na sakafu. Hizo hazichukui nafasi ya jaribio la ubao.

Raba za ubavu na juu ni rahisi. Ni vipande virefu vya plastiki ya PVC vyenye ulimi laini, na hapa vinili inakubalika kwa sababu haikanyagwi wala haikai majini. Mlango wa futi 16 kwa 7 unataka futi 30: 16 za juu, 7 mara mbili za pembeni. Funga mlango, anza na juu, weka ulimi uguse paneli na kupinda kidogo, kisha piga misumari isiyoshika kutu, mmoja kila futi. Ulimi ukibanwa sana, mota inahangaika na rangi ya mlango inakwaruzika.

Raba ya kubandika sakafuni tunaipendekeza kwa shingo upande. Inazuia vizuri maji ya mvua yanayotiririka kutoka njia ya gari iliyoinama kuelekea nyumbani. Lakini gari likiingia na theluji, maji yanayoyeyuka, yenye chumvi, hayana pa kutokea, yanatuama ndani. Koleo la theluji nalo huikamata na kuing'oa. Ukiiweka, osha chumvi yote, zege likauke kabisa, tumia gundi ya polyurethane siku isiyo na baridi, na usipitishe gari kwa saa 24.

Kwa matunzo, pulizia silikoni kwenye raba ya chini mwanzoni mwa majira ya baridi. Mafuta ya mashine na grisi hapana, kwa sababu EPDM huvimba na kulegea ikikutana na petroli na jamaa zake. Na mlango ukigandia sakafuni, usiendelee kubonyeza kitufe: mota ina nguvu ya kung'oa raba yote kutoka mferejini. Kata barafu kwa kikwaruzo cha plastiki kutokea nje, ukianzia konani, au ipashe kwa kikaushia nywele. Maji ya moto yataganda tena hapo hapo.