Filta ya Pili ya Oili kwenye Fuso: Je, Inalipa?

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa Fuso langu, linalobeba mchele na viazi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, limetembea likiwa na filta ya oili ya ziada iliyofungwa kwenye chesisi, nyuma ya kibini. Wenye magari wenzangu pale gereji Mwanjelwa wameniuliza mara nyingi kama inafaa, na jibu langu limebadilika kadiri nilivyoendelea kuitumia.

Filta ya kawaida hupokea oili yote inayosukumwa na pampu kabla haijafika kwenye beringi, na kwa kuwa haitakiwi kuzuia mtiririko huo, hunasa vizuri chembe za mikroni 20 hadi 40 tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), huku nyingi zilizo ndogo kuliko hapo zikipita. Filta ya pembeni, yaani hiyo ya ziada, huchota sehemu ndogo ya oili, takriban asilimia 10 au pungufu, huipitisha polepole kwenye karatasi iliyoshindiliwa inayoweza kunasa chembe za mikroni chache, kisha huirudisha kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Jambo hili si dogo, kwa sababu utando wa oili unaotenganisha beringi na krenki una unene wa mikroni chache tu, na mchanga laini uliopita kwenye filta ya kwanza ndio unaosaga hapo.

Kwetu huku kuna sababu nyingine ambayo muuzaji hakunitajia. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari likiwa limelala Uyole au Makambako, oili huwa nzito kiasi kwamba vali ya usalama ya filta ya kawaida hufunguka, na oili ikaenda kwenye beringi bila kuchujwa kabisa. Ikiwa oili iliyomo kwenye sampu imekwisha kusafishwa tangu jana, dakika hizo za mwanzo haziwi na madhara makubwa.

Sikupeleka sampuli maabara. Nilichofanya ni kudondosha tone kutoka kwenye kijiti cha kupimia juu ya karatasi nyeupe, na kuliacha usiku kucha. Zamani, kwenye kilomita 5,000, tone lilibaki na kitovu cheusi kama lami kilichozungukwa na ukingo mkali. Baada ya kufunga filta hii, kwenye kilomita hizo hizo kitovu kilikuwa cha kijivu na doa lilienea polepole hadi pembeni. Hilo lilinitosha kuamini kwamba masizi yanapungua. Hata hivyo, filta haiondoi dizeli iliyovujia kwenye oili, wala hairudishi dawa za kiwandani zinazopambana na asidi, ambazo huisha hata oili ikionekana safi. Anayeahidi kwamba hutamwaga oili tena anakudanganya.

Kwa upande wa fedha, kifaa, hozi na ufundi vilinigharimu karibu shilingi 800,000. Awali nilikuwa nikimwaga oili kila kilomita 5,000 kwa shilingi 160,000 pamoja na filta yake, yaani 320,000 kwa kilomita 10,000. Sasa namwaga mara moja kwa umbali huo na kubadilisha kichujio cha ndani cha filta ya ziada kwa shilingi 70,000, jumla 230,000. Ninaokoa 90,000 tu, na kwa mwendo wangu wa kilomita 4,000 kwa mwezi, fedha niliyotoa itarudi baada ya karibu miaka miwili. Kichujio chenyewe hakipatikani Mbeya. Huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi.

Sasa niseme lililoniudhi. Tulipokuwa tukipanda Kitonga na mzigo, hozi iliyokuwa ikisuguana na chesisi ilitoboka, taa ya presha ya oili ikawaka, na dereva akazima injini papo hapo. Ufundi ulikuwa mbovu, lakini kosa kubwa lilikuwa la kifaa: kitundu chembamba kinachopunguza mtiririko kiliwekwa kwenye filta yenyewe, mwisho wa hozi, kwa hiyo hozi ilipotoboka pampu ilimwaga oili bila kizuizi chochote. Kitundu hicho kinapaswa kukaa mwanzoni, kwenye kiungo kinachotoka kwenye injini. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha kilipo, usinunue. Mimi nimekihamisha, na hozi nimeivalisha mpira na kuifunga kwa klempu kila sentimita 30 hivi.

Mwenye semitrela ya kwenda Tunduma, ambayo injini yake hubeba lita 30 au 40 za oili, hesabu yake ni tofauti kabisa, kwani kila anapoepuka kumwaga anaokoa fedha ya maana. Lakini aangalie kwanza alichonacho: Scania nyingi hutoka kiwandani na kisafishaji cha oili kinachozunguka kwa kasi na kubandika masizi ukutani, na Volvo zenye injini za D12 na D13 zina filta ya pembeni tayari, kando ya zile mbili za kawaida. Nimeona gari la aina hiyo likifungwa ya ziada, na kisafishaji chake cha asili kimejaa tope gumu ambalo hakuna aliyewahi kulikwangua.

Kwenye Fuso nitaiacha ilipo, kwa kuwa gharama nimekwisha kuilipa. Canter yangu inayoshusha viazi kutoka Isyonje sitaifungia; fedha hiyo nitanunulia filta za hewa, kwa sababu vumbi la barabara za mashambani linaingilia huko kabla halijafika kwenye oili.